Mgonjwa wa Figo na Haki Yake Juu Yetu

Katika darasa ya mwezi uliopita tulizungumza juu ya kumzuru mgonjwa, na tukadhani maneno yale yametosha. Hayakutosha. Imetufikia barua ya mama mmoja wa pwani ambaye mwanawe yuko kazini hapa Nairobi, naye amepanga chumba Mutuini, upande wa Dagoretti. Figo za kijana huyo zimekufa, na damu yake husafishwa kwa mtambo mara 2 kila juma. Mama ameuliza mambo matatu. Mwanawe afunge Ramadhani? Je, ni kweli wasemavyo watu kwamba mwenye kuanza mtambo huo amekwisha hesabiwa katika wafu? Na la tatu, ambalo ameliandika chini kabisa ya karatasi kama aonaye haya: mbona watu wamwambia mwanawe ni mvivu, kwa kuwa leo huonekana anatembea na kucheka, na kesho hawezi hata kuinuka kitandani?

Suali hili la tatu ndilo lililotutia hima ya kuandika. La saumu lina majawabu yake vitabuni. Ama la uvivu, halina dawa ila kujua, na wengi wetu hatujui. Mimi mwenyewe sikujua mpaka nilipokwenda kumzuru kijana huyu, nikakaa naye kutwa nzima.

Basi na tuanze na figo yenyewe. Mwenyezi Mungu amemuumba mwanadamu na figo mbili, kila moja ukubwa wake wapata ngumi, nazo ziko mgongoni chini ya mbavu. Ndani ya kila moja mna vichujio vidogo mno visivyoonekana kwa macho, vipatavyo milioni 1. Katika usiku na mchana mmoja huchujwa humo maji ya damu yapatayo lita 180, na karibu yote hurejeshwa mwilini; kinachotoka kuwa mkojo ni lita 1 au 2 tu. Na kazi ya figo si mkojo peke yake. Ndizo zipimazo chumvi na maji ya mwili, ndizo zishikazo presha isipande, na ndizo zitoazo amri kwa mifupa itengeneze damu. Kwa hivyo zikifa, mtu huvimba miguu, hupungukiwa na damu, hukosa pumzi, huwashwa ngozi, hukosa usingizi, na chakula humchukiza. Wauaji wakubwa wa figo ni wawili, sukari na presha. Nao huua kimyakimya, bila ya maumivu, hata mtu akashituka na hapana kilichosalia. Wako pia wanaojiangamiza kwa vidonge vya kutuliza maumivu wanavyovimeza kila siku kama karanga, bila ya kuulizwa wala kuuliza.

Mtambo wa kuifanya kazi hii badala ya figo haukupatikana zamani. Tabibu mmoja wa Kiholanzi, Willem Kolff, aliutengeneza mwaka wa 1943 katika mji wa Kampen, nchi yake ikiwa chini ya majeshi ya Ujerumani, na vitu vyote ni haba. Alitumia utando wa selofani, ule wanaotilia soseji, akauzungusha juu ya pipa la mbao ndani ya maji ya chumvi. Wagonjwa wake wa kwanza karibu wote walikufa. Hakuacha. Mwaka wa 1945 akaokoka bibi mmoja wa miaka 67. Lakini mtambo ule ulifaa kwa mtu ambaye figo zake zimelala kwa muda tu kisha zitaamka, kwani kila mara ilipasa kukatwa mshipa mpya, na mishipa ya mtu ina mwisho. Ndipo mwaka wa 1960, katika mji wa Seattle, Marekani, tabibu Belding Scribner alipotia mrija wa kudumu mkononi mwa mgonjwa, ukawa mlango usiofungwa. Mtu wa kwanza kutiwa mrija huo, Clyde Shields, aliishi baada yake miaka 11. Mwaka wa 1966 ikaja njia iliyo bora zaidi, ndiyo itumikayo hata leo: kuunganisha mshipa wa ateri na wa vena katika mkono wa mtu, mshipa ukapanuka na kuwa na nguvu, wakauita fistula.

Hilo latosha kumjibu mama juu ya suali lake la pili. Mtambo si jeneza. Wako watu ulimwenguni walioishi nao miaka 10, na 20, na zaidi.

Lakini hapo Seattle lilitokea jambo ambalo naona lafaa kutajwa. Mitambo ilikuwa michache na wagonjwa ni wengi. Wakateua baraza la watu 7, wengi wao si matabibu, wakae wachague nani asafishwe na nani aachwe. Walitazama mtu ana kazi gani, ana watoto wangapi, ni mtu wa kanisani au siye. Khabari ilipotoka magazetini mwaka wa 1962 watu wengi waliona vibaya. Sisi nasi hatuna baraza la namna hiyo, lakini tunayo nauli, na bima, na umbali, na hivyo vitatu huchagua kila siku bila ya kukaa kikao.

Tazama khabari ya Kenya. Mwaka wa 2015 Serikali ilikodi mitambo ikaigawa katika majimbo yote, na kabla ya hapo mgonjwa wa Lamu au wa Tana hakuwa na njia ila kuhamia Mombasa au Nairobi. Mfuko wa bima wa NHIF ukawa walipa shilingi 9,500 kwa kila safari ya kusafishwa, mara 2 kwa juma. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 mfuko huo umeondoka, na mahali pake pana SHA, nayo imeweka shilingi 10,650 kwa kila safari. Mchango wake ni asilimia 2.75 ya mapato, usiopungua shilingi 300 kwa mwezi. Twawaambia khasa ndugu zetu wachuuzi na mabaharia wasio na mshahara: mchango ukikatika, mlango wa mtambo hufungwa, na figo hazingoji mtu akusanye madeni yake.

Ama hiyo mara 2 yataka kufahamiwa vyema. Katika nchi nyingi za matajiri kawaida ni mara 3 kwa juma, saa 4 kila mara. Hesabu, ndugu msomaji: juma lina saa 168, na figo nzima hazilali hata saa moja katika hizo. Wa mara 3 husafishwa saa 12. Wa mara 2 husafishwa saa 8. Zile siku tatu za kati, damu yake hujaa sumu na maji, moyo ukasukuma tope. Mwaka wa 2010 ulichapishwa utafiti uliofanywa Amerika ya Kaskazini juu ya wagonjwa 245, wengine wakasafishwa mara 3 na wengine mara 6, nao wa mara 6 moyo wao na nguvu ya miili yao ikaonekana bora, ijapokuwa mishipa yao ya mkononi ilitaabika zaidi. Basi yule anayesafishwa mara 2 asilinganishwe na habari za Ulaya tunazozisikia, kwamba mgonjwa wa figo huendesha gari lake na kufanya kazi yake.

Sasa na twende Mutuini. Kijana huyu siku ya kusafishwa huamka saa kumi ya usiku, husali alfajiri kwa wakati wake, kisha hushuka akapanda matatu mpaka Dagoretti Corner, akashuka, akapanda nyingine ya barabara ya Ngong. Hospitalini hupimwa uzito, ili ijulikane ni kilo ngapi za maji amezikusanya tangu mara iliyopita. Kisha huchomwa sindano mbili nene katika mkono ule wa fistula: moja yatoa damu, moja yairejesha. Kwa saa 4 hakai ila mahali pamoja. Maji yapitayo mtamboni kuisafisha damu ya mtu mmoja katika saa hizo hupata lita 120, tena maji yaliyosafishwa kwa uangalifu, na kwa hivyo umeme ukikatika au bomba likikauka siku hiyo ni msiba. Maji yanapovutwa kwa haraka presha hushuka, misuli hukakamaa, kichwa huuma, na wengine hutapika. Akitoka hapo, miguu yake si yake. Matatu mbili za kurudi, na watu wamsukuma kwa kuwa hana bandeji kichwani wala gongo mkononi. Akifika chumbani hulala mpaka asubuhi, na pengine asubuhi hiyo nayo haimtoshi.

Huyo ndiye aitwaye mvivu.

Na si yeye peke yake. Kuna utafiti uliochapishwa mwaka wa 2017, waliulizwa watu zaidi ya 1,000 wa nchi zaidi ya 70, wagonjwa na jamaa zao na matabibu, kwamba katika mambo ya mtambo lipi lina uzito zaidi. Matabibu walitanguliza mauti na kulazwa hospitalini. Wagonjwa walizidi kutaja uchovu baada ya kusafishwa, na uwezo wa kusafiri, na siku za kuwa huru bila ya mtambo. Hii haina maana kuwa mgonjwa hajali kufa. Maana yake ni kuwa yeye amekwisha kupewa umri, sasa auliza atautumiaje umri huo. Na hapo ndipo palipo na kazi yetu sisi, kwani tabibu hawezi kumpa mtu safari, wala mjadala barazani, wala kazi isiyo nzito.

Kazi ya kijana huyu wa Mutuini ilikuwa ya kuchukua mizigo. Mkono wenye fistula haupasi kubeba mzigo, wala kulaliwa, wala kufungwa saa ya kubana, wala kupimwa presha, wala kutolewa damu ya vipimo. Na twaongeza, kwa kuwa ni mila yetu: haupasi kuumikwa. Mwumishi aliyeambiwa hayo akakasirika kuwa tunaidharau Sunna hakufahamu. Hatusemi kuumika ni kubaya, twasema mkono ule ni roho ya mtu, ukiziba hana mlango mwengine ila kutiwa mpira shingoni, nao mpira huo ni njia fupi ya vijidudu kufika moyoni. Tajiri wa kijana akamtoa kazini mwezi wa pili. Sitamtaja, wala hakuwa na nia mbaya. Alisema hawezi kumlipa mtu wa siku nne. Lakini wako kwetu wenye maduka na wenye kutafuta mweka hesabu wa siku nne, nao hawamkumbuki mtu kama huyu.

Nije kwenye chakula, kwani hapa sisi watu wa pwani twaua kwa ukarimu. Mgonjwa asiyekojoa hupewa na matabibu kipimo cha maji, mara nyingi nusu lita mpaka lita kwa siku, na ndani yake huhesabiwa chai, na uji, na mchuzi, na barafu, na chungwa. Kiu yake haisemeki, khasa akila chumvi. Kisha iko madini iitwayo potasiamu, ambayo figo nzima huitoa bila ya mtu kujua, na iliyokufa huiacha ikijaa katika damu mpaka moyo ukasimama ghafla, mtu yuko kitako anazungumza. Madini hiyo imo kwa wingi katika nini? Katika madafu. Katika tende. Katika ndizi, machungwa, mihogo, viazi, maharagwe, mchicha na nyanya. Yaani katika kila kile tumpelekeacho mgonjwa kwa mapenzi! Nilipofika Mutuini nilikuta katoni ya tende chini ya kitanda, imeletwa na basi kutoka pwani, na mimi mwenyewe mkononi nimechukua madafu mawili niliyoyanunua mjini kwa bei ya kushangaza. Kijana alinishukuru kwa adabu, akayaweka pembeni. Baadaye ndipo aliponieleza.

Si kwamba mgonjwa asile kitu. Muhogo na kiazi vikikatwa vidogo, vikachemshwa, maji yakamwagwa, vikachemshwa tena kwa maji mapya, madini hupungua sana. Wali, samaki, yai na kuku kwa kiasi humfaa, tena nyama ya kujenga mwili aihitaji zaidi baada ya kuanza mtambo. Ama birimbi, tunayoitia achari na wengine huikamua wakanywa kwa kupunguza sukari au mafuta, ajiepushe nayo kabisa, na wazima wasiinywe kwa bilauri. Ina asidi kali inayoziba vichujio vya figo. Huko Kerala, India, matabibu wameandika khabari za watu waliokunywa maji ya birimbi kuwa ni dawa, figo zao zikasimama.

Na dawa za mitishamba za kufufua figo? Twajua zinauzwa, na wauzaji wake wengine huvaa kanzu kama zetu. Mtu ambaye figo zake zimekwisha kabisa akiacha mtambo hupata siku chache, au majuma mawili hivi, si zaidi kwa ada. Anayemwambia mgonjwa aache mtambo aonyeshe tawakuli yake basi ajue anamwambia nini. Kutafuta dawa hakupingani na kutegemea, na waliotangulia wametufundisha kufunga ngamia kwanza.

Sasa masuala ya ibada, kwa ufupi, kwa madhhabu yetu ya Shafii.

Damu itokayo kwa sindano haitangui udhu, kwani si katika njia mbili. Iliyomwagika nguoni mwake ni najisi, ila kidogo husamehewa. Mwenye mpira shingoni asiutie maji hata kwa josho la janaba: ataosha palipo salama, atapaka maji juu ya bandeji, na atatayamamu. Sala ikimkuta mtamboni na wakati utatoka kabla hajashuka, atasali pale pale kitini kwa ishara kadiri awezavyo. Na kuhusu kukusanya adhuhuri na alasiri, au magharibi na isha, kwa maradhi, kauli mashuhuri ya madhhabu ni kukataza. Lakini Imamu Nawawi aliitia nguvu kauli ya kujuzu, nayo ni madhhabu ya Imamu Ahmad. Mgonjwa aliyeshuka mtamboni akaishika kauli hiyo hana lawama, wala asikaripiwe na aliye mzima.

Ama saumu, Sura ya Al-Baqara, aya ya 184, imempa mgonjwa rukhsa waziwazi, na rukhsa ni hidaya, hairudishwi kwa aibu ya majirani. Siku ya kusafishwa, wanavyuoni wengi wa zama hizi, akiwemo Sheikh Abdulaziz bin Baz, wamesema mtambo wafunguza, kwa kuwa damu hurejeshwa mwilini ikiwa imetiwa sukari na chumvi. Siku nyingine, tabibu mwaminifu akisema saumu yamdhuru, asifunge. Na kwa kuwa maradhi haya hayatarajiwi kupona, halipi siku, bali hutoa kibaba kimoja cha chakula cha mji kwa masikini kwa kila siku. Akiwa hana, hadaiwi wakati ule. Ikiwa baadaye alipata figo ya mtu akapona, kibaba alichotoa kimemtosha.

Na juu ya kupewa figo, tumeulizwa mara nyingi. Mtu huishi na figo moja akiwa mzima, baada ya vipimo. Baraza la Fiqhi ya Kiislamu la kimataifa, katika kikao chake cha Jeddah mwaka wa 1988, limejuzisha mtu kutoa kiungo kwa mwenziwe iwapo mtoaji hadhuriki na ametoa kwa hiari, na likakataza kukiuza. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka wa 2017 nayo yakataza kuuza. Kupandikiza figo hufanywa hapa Nairobi, na ndugu zetu wa Tanganyika wameanza Muhimbili mwaka wa 2017 na Dodoma mwaka wa 2018, hawalazimiki tena kwenda India. Mwenye figo ya nduguye huwa huru na mtambo, ijapokuwa atameza dawa siku zote. Lakini tusimshike mtu kwa nguvu ya ukoo: kijana wa Mutuini ana dada wawili, nao wametazamwa kwa jicho baya harusini kwa kuwa hawajajitolea. Hiari iliyotolewa kwa kutazamwa vile si hiari.

Lipo jambo jengine ambalo huzungumzwa kwa haya, nalo ni ndoa. Maradhi haya hupunguza matamanio ya mwanamume na ya mwanamke, na mimba huwa ngumu. Mke asiyeambiwa hudhani ameachwa moyoni. Tabibu aulizwe, wawili wakiwa pamoja.

Chuo chetu kimekubaliana mambo mawili. La kwanza, vijana wanne watapokezana kumngoja kijana huyu hospitalini saa anapotoka na kumrudisha Mutuini kwa gari, ili asisukumwe matatuni. La pili, sanduku la kila Ijumaa litajaribu kumlipia safari ya tatu katika juma, walau yale majuma anapokuwa hali mbaya. Wenye wagonjwa wengine wa namna hii, Eastleigh au Kibra au popote, watuletee khabari.

Na wewe mama, mwanao asifunge. Vibaba vyake 29 au 30, ukitaka kumtolea wewe, mwambie kwanza akuruhusu. Katoni ya pili ya tende usiipeleke. Ile ya kwanza amewagawia jirani zake Wakikuyu wa Mutuini, nao wameuliza kama zitakuja nyingine.